Mgongo wa Malkia

Jerusha Mkamburi alizaliwa Mraru, kando ya barabara iendayo Taveta, na tangu utotoni alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kumwona mtu akipita bila kumwiga. Si sauti peke yake. Alimwiga mtu mzima mzima, mwendo wake, kikohozi chake, namna anavyokuna sikio, hata namna anavyonyamaza. Mama yake alimchapa kwa kumwiga shangazi, baba yake akamchapa kwa kumwiga mama, naye alipokwisha kulia akawaiga wote wawili wakichapa, mpaka nyumba nzima ikashindwa kuendelea na hasira.

Alipoolewa na Elijah, mtu wa reli, akahamia Voi kwenye nyumba za wafanyakazi, na ugonjwa ukapanda garimoshi pamoja naye. Elijah alikuwa mpeperusha bendera stesheni, mtu mnyoofu, mwenye maneno machache na kola iliyopigwa pasi. Jerusha aliuza kimanga karibu na lango la karakana. Kimanga chake cha muhogo na maharage kilikuwa kizuri, hakuna aliyekataa, lakini watu hawakukaa pale saa nzima kwa sababu ya kimanga.

"Mama Hannah," mafundi walimwambia, kwa jina la kifungua mimba wake, "hebu tuletee stesheni masta."

Naye angeweka mwiko chini, akatoa tumbo mbele, akaitazama saa ambayo hakuwa nayo, na stesheni masta angekuwa pale pale, kati ya sufuria na moshi.

Kanisani ugonjwa huo ulimponza. Siku moja aliombwa afunge mkutano wa akina mama kwa sala, akaufunga kwa sauti ya mke wa mchungaji, pamoja na kile kikohozi cha katikati. Mke wa mchungaji mwenyewe aliitikia "Amina" kabla hajatambua nani alikuwa anaomba. Jerusha aliapa hakukusudia, ilitoka tu. Wakamsimamisha ushirika hata hivyo, na kwa miezi kadhaa akawa anakaa kiti cha nyuma, akiwaiga waliomsimamisha.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na saba, wakati kote mjini gumzo lilikuwa moja: Waafrika watapiga kura. Ila kura zenyewe zilikuwa za ajabu. Aliyesoma sana alipewa zaidi ya moja, mwenye mshahara mzuri akaongezewa, na wengi, hasa akina mama, hawakupata hata ya kuonja. Elijah alipata mbili. Alirudi nyumbani siku hiyo akitembea taratibu, kama mtu aliyebeba mayai.

"Mbili?" Jerusha akamwuliza. "Moja ni yako. Ya pili ni yangu?"

"Ya pili ni ya kazi," Elijah akasema.

"Kazi gani? Ya kupeperusha kitambaa?"

Elijah akavua kofia ya reli, akaitundika ukutani kwa heshima mpya.

Wiki hizo hizo ndipo akaja Bwana Kati.

Jina lake halisi lilikuwa refu, la Kizungu, na hakuna aliyelishika. Alishuka kwenye garimoshi la Mombasa na masanduku, kamera ya miguu mitatu na Wazungu wenzake wachache, akasema amekuja kupiga sinema. Kila alipotaka kamera isimame alipiga ukelele kwa lugha yake, na masikioni mwa watu wa Voi ukelele ule ulisikika "Kati!" Basi alipopiga ukelele, watu wote walikimbilia katikati. Alipiga tena kuwazuia, wakasongamana zaidi. Mpaka jua linazama siku ya kwanza, Bwana Kati alikuwa amekauka koo, na umati umebanana kama mkonge kwenye bunda, ukingoja kuambiwa sasa ufanye nini.

Mkalimani wake alikuwa Mwalimu Gilbert, kijana wa Wundanyi, shati jeupe, shingo ngumu. Yeye alikuwa na kura tatu, na shingo ilizidi kuwa ngumu. Akawakusanya watu upande ule wa uwanda unaotazamana na mlima Sagalla, akawaeleza hadithi ya sinema.

Kulikuwa na nchi ya kubuni iitwayo Zambazamba. Gavana wake alikuwa punda. Punda huyo alivaa kofia yenye manyoya meupe, akalala chini ya mwavuli, akatoa sheria. Bunge lake lilikaa ndani ya behewa bovu lisilo na magurudumu, na mawaziri, Wazungu wote, walivaa vichwa vya samaki vya karatasi. Ndani ya behewa mvua ilinyesha, nje hakuna. Kwenye miiba ya mgunga zilitundikwa saa za ukutani, kila moja na wakati wake. Bwana Kati alikuwa anaicheka serikali yake mwenyewe, Gilbert alisema kwa sauti ya chini, akitazama nyuma. Serikali ilikuwa imeambiwa kwamba ni picha ya kuchekesha watoto.

Watu walipenda. Nani asiyependa kuona punda akipigiwa saluti? Punda mwenyewe alikuwa wa Munyao, Mkamba aliyekuwa akiuza maji ya mapipa mtaa kwa mtaa. Munyao aliguna kwa fahari. "Nilijua ana sura ya kazi ya ofisi," akasema.

Jerusha akainua mkono. "Na sisi je? Sisi ni nani katika hadithi?"

Gilbert akamwuliza Bwana Kati, wakanong'onezana. "Ninyi ni raia," akasema.

"Raia wanafanya nini?"

Wakanong'onezana tena. "Wanashangaa."

"Wanashangaa tu?" Jerusha akauliza. "Hawasemi?"

"Wanasema 'Huu!' Halafu wanapiga magoti."

Ndivyo walivyoajiriwa kushangaa. Walipewa ngozi za mbuzi na manyoya ya kuku, wote namna moja: Wadawida, yaani Wataita wenzake Jerusha, wa Mbololo, Wakamba wa mjini, Wataveta waliokuja kwa garimoshi, hata Mswahili mmoja muuza kashata aliyevuliwa kanzu yake safi huku akisoma Ayatul Kursi kimoyomoyo. Wote wakawa Wazambazamba. Munyao alilalamika kwamba babu yake hakuwahi kuvaa kuku. Muuza kashata akasema yeye babu yake alikuwa kadhi. Bwana Kati aliposikia aliwatazama wote kwa upendo, akasema kupitia Gilbert kwamba kwenye picha haitaonekana tofauti.

Punda alikaa kivulini na ndoo ya maji. Raia walisimama juani.

"Mwalimu," Jerusha alisema siku ya tatu, jasho likimtiririka chini ya manyoya, "mwulize bwana. Anasema anawacheka wakubwa. Vizuri. Lakini mbona sisi tumesimama pale pale wakubwa walipotusimamisha?"

Gilbert akamtafsiria Bwana Kati kwamba mama anaomba maji.

Raia wa Zambazamba walikuwa na malkia wao, na malkia huyo alikuwa Mzungu. Alikuwa msichana mpole wa kutoka kwao Bwana Kati, amepakwa mafuta ya kahawia kuanzia paji la uso hadi vidole vya miguu. Asubuhi alikuwa malkia. Kufikia saa sita, jua la Voi lilikuwa limemfanya pundamilia. Walimpaka tena, akatiririka tena. Kwa kuwa hakuweza kusimama juani muda mrefu, Bwana Kati alitafuta mtu wa kimo chake, asimame mahali pake kamera ikipimwa. Akamchagua Jerusha. Basi kila siku Jerusha alisimama mahali pa malkia mpaka kila kitu kiwe tayari, kisha akaambiwa aondoke malkia aje. Huku akisimama alimtazama msichana yule, akamshika: namna anavyoinua kidevu, namna anavyofukuza nzi kama anayeaga watu wa melini.

Haikuchukua wiki. Mafuta yale yalimtoa msichana vipele mwili mzima, macho yakavimba, akapakiwa garimoshi kwenda hospitali Mombasa huku analia. Jerusha alimsindikiza hadi stesheni na chupa ya uji, kwa maana alimhurumia kwa dhati. Elijah akalipungia garimoshi bendera ya kijani.

Bwana Kati alishika kichwa. Ilikuwa imebaki sehemu kubwa kuliko zote, ile ambayo malkia anapokea sheria mpya ya Gavana na kumshukuru. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya milima. Akawaza, akamwita Jerusha.

"Utakuwa malkia," Gilbert akatafsiri. "Lakini mgongo tu."

"Mgongo?"

"Utaipa kamera mgongo. Uso wako hautaonekana. Sauti itatiwa na mtu mwingine huko Ulaya."

Jerusha alimtazama Bwana Kati, akamtazama punda. "Punda anaonekana uso?"

"Anaonekana."

"Haya," akasema. Wale waliomjua vizuri, wakiongozwa na Munyao, wakasogea karibu.

Kamera ikalia. Jerusha akasimama mbele ya punda, mgongo kwa Bwana Kati, uso kwa watu. Mgongo ukaanza kazi. Kwanza ulikuwa mgongo wa yule msichana wa mafuta, umenyooka kama mlingoti, mkono ukifukuza nzi wa melini. Kisha, polepole, ukawa wa stesheni masta. Kisha wa mke wa mchungaji anayetafuta miwani chini ya benchi. Na huko mbele, mahali ambapo kamera haikufika, uso wake ulikuwa ukifanya mambo ambayo hayafai kuandikwa. Muuza kashata alikaa chini, akashika mbavu. Munyao alitokwa na machozi. Umati wote uliotakiwa kushangaa ulikuwa umelala vumbini kwa kicheko.

"Kati! Kati!" Bwana Kati akapiga ukelele, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekwenda katikati, kwa sababu hakuna aliyeweza kusimama.

Alimzunguka Jerusha kwa hasira, akiwa na maneno tayari mdomoni. Akauona uso. Akasimama. Akamtazama, akawatazama watu ambao kwa siku zote zile alikuwa hajamwona hata mmoja wao akicheka. Kisha naye akaanza, kicheko chembamba kama cha mbuzi, mpaka kofia ikamdondoka.

"Anasema," Gilbert akatafsiri, "geuza uso kwa kamera. Fanya hivyo hivyo. Useme mwenyewe."

"Nina masharti," Jerusha akasema.

Gilbert akafumba macho.

"Nitasema Kidawida. Si 'huu'. Munyao atasema Kikamba. Huyu wa kashata arudishiwe kanzu yake na aseme Kiswahili chao cha Mombasa, kile cha kunyoosha. Kila mtu avae alivyokuja. Na kuku waliobaki wasinyonyolewe."

Bwana Kati alitazama mawingu milimani. Akakubali yote, hata kuku.

Kesho yake, kamera ikiwa imemwelekea Jerusha usoni na punda akiwa amewekwa upande wa nyuma wa kamera, vumbi jekundu likainuka njiani. Lilikuwa gari la ofisa mmoja wa wilaya, kijana aliyesikia uvumi kwamba kuna punda amevaa kofia ya serikali. Alishuka, akamtazama punda kwa muda mrefu. Bwana Kati akamkumbusha kwamba ni picha ya watoto. Ofisa akasema angependa kuona, akakaa kwenye kiti cha turubai, na Gilbert akaitwa asimame kando yake kutafsiri. Kola nyeupe ya Gilbert ilikuwa imelowa jasho.

Munyao alimnong'oneza Jerusha, "Mama Hannah, tuache. Tuseme 'huu' twende zetu."

Zilikuwa siku za hali ya hatari, na kambi ya kizuizini ya Manyani haikuwa mbali. Jerusha aliweza kuliona paa la stesheni kutoka pale aliposimama, na pengine Elijah chini yake na bendera zake. Akavuta pumzi. Ugonjwa wake ukamsaidia: akachukua sauti ya mke wa mchungaji akichangisha fedha za bati la kanisa, sauti tamu ambayo hakuna ofisa anayeweza kuishuku.

"Mtukufu," akasema kwa Kidawida, akiinama kidogo, "sheria yako tumeisikia. Umesema maji ya mto ni yako na kiu ni yetu. Tunashukuru. Kiu tulikuwa nayo zamani, ila hatukujua ni ya nani."

Watu wakaguna.

"Nasikia pia kura zimegawanywa. Mume wangu amepewa mbili, na usiku anageuka huku na huku, hajui alalie ipi. Mwalimu yule amepewa tatu, ndiyo maana shingo haigeuki. Mimi nimezaa watoto wanne, nimezika mmoja, nimelisha karakana nzima, nikaambiwa ningoje. Wewe, Mtukufu, kwa masikio hayo, lazima unazo nne, moja kwa kila mguu. Basi tufanye hivi. Hiyo kofia nipe mimi, nawe ubebe mapipa ya Munyao. Mwaka mmoja tu. Nchi ikiharibika, tutarudishiana."

Uwanda ulilipuka. Munyao alisahau woga, akaruka mbele akasema kwa Kikamba kwamba mapipa yapo tayari na kamba pia. Muuza kashata, ndani ya kanzu yake, akamwomba Mtukufu kwa Kiswahili cha kunyoosha, chenye mafumbo ya kadhi, amweleze sheria ile ililiwa na nani, maana punda wakati huo alikuwa akiitafuna karatasi yenyewe kwa utulivu mkubwa. Ofisa alikisikia Kiswahili kile, akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza mashairi.

"Yule mwanamke amesema nini?" ofisa akauliza.

Pengine Gilbert alikuwa na njia mbili, na mpaka mwisho wa maisha yake hakueleza kwa nini alichagua ile aliyoichagua. "Anaishukuru serikali kwa barabara, Bwana," akasema.

"Mbona wanacheka hivyo?"

"Ni furaha, Bwana. Ya barabara."

Ofisa akafikiri. "Barabara yenyewe ni mbovu," akasema, "lakini shukrani ni jambo zuri." Akapanda gari, akaondoka. Gilbert akaketi chini kwenye vumbi na suruali yake safi, na ile shingo, watu waliona wenyewe, ikageuka ikamtafuta Jerusha.

Mvua ikaja, Bwana Kati akaenda, kura zikapigwa, Elijah akapiga zake zote mbili bila kusema alimpa nani. Mwaka ukapita na zaidi. Watu wakadhani sinema ile imezama baharini.

Haikuzama. Siku moja ya Jumamosi, alasiri, gari la sinema la serikali, ambalo kwa kawaida huonyesha sabuni na majosho ya ng'ombe, lilisimama karibu na ghala la mizigo. Madirisha ya ghala yakazibwa kwa magunia, watu wakajazana ndani. Mtu wa mashine akatangaza kwamba leo kuna picha iliyopigwa hapa hapa Voi, ya wananchi kushukuru barabara.

Gilbert alikuwa ameshapata habari zake, akamnong'oneza Jerusha. Waheshimiwa fulani wa kukagua picha walikuwa wameitazama sinema, wakashtuka. Walikata punda. Walikata kofia, bunge, mvua na vichwa vya samaki. Walikata kila neno la Kizungu, kwa sababu walilielewa. Wakabakisha kila neno ambalo hawakulielewa, kwa kuwa yule ofisa wa wilaya alikuwa ameliandikia cheti kwamba ni shukrani.

Basi kilichobaki kilikuwa wao. Ukutani, mkubwa kuliko mlango wa ghala, ulitokea uso wa Jerusha, jasho, kitambaa chake cha kichwa, ule mwanya wa jino, ukizungumza na mtu asiyeonekana. Akaja Munyao na kamba. Akaja kanzu. Zikaja nyuso za watu waliojulikana, wanaocheka, wamevaa nguo zao. Ghalani palitokea kelele ambazo mtu wa mashine hakuzielewa. Alisimamisha picha mara mbili akidhani kuna moto. Mke wa mchungaji alipoisikia ile sauti ya kuchangisha bati alikaa wima. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kikohozi kikamtoka mahali pale pale kinapotokea siku zote.

Pale maneno ya kura mbili yalipofika, stesheni nzima iligeuka kumtazama Elijah. Yeye aliendelea kutazama ukuta.

Mlangoni Jerusha alipongezwa na kila mtu ila mmoja. Mama mmoja mfupi, Peris, Mtaveta aliyefika kuuza ndizi, alimzuia njia.

"Umewapa Wadawida maneno," akasema. "Umewapa Wakamba. Mswahili umempa na kanzu yake. Wataveta tulikuwa zaidi ya kumi pale. Nimejiona kwa macho yangu, nimesimama nyuma ya Munyao, mdomo wazi. Sisi ulituachia 'huu'."

Jerusha hakuwa amewafikiria hata kidogo. Aliposimama pale kutaja masharti yake, aliwataja wale aliozoea kuwauzia kimanga.

"Kweli, dada," akasema. "Sikuwaona."

"Najua," Peris akasema. "Ndiyo nakwambia."

Njiani kurudi nyumbani Elijah alitembea mbele kidogo, mikono nyuma. Jerusha alingoja ugomvi wa kura. Walipofika mlangoni mumewe akasimama.

"Umesema tumezika mmoja," akasema bila kugeuka. "Miaka yote hii sijakusikia ukimtaja. Nilidhani nimebaki peke yangu kumkumbuka."

Jerusha, aliyekuwa na sauti ya kila mtu mjini, hakupata hata moja ya kujibia. Alimshika mkono wa koti. Wakasimama hivyo mpaka majirani wakaanza kupita.

Jumatatu iliyofuata alimwachia Elijah sufuria na maagizo ya muhogo, akapanda garimoshi la Taveta pamoja na Peris na vikapu vyake vitupu. Behewani walikuwamo akina mama wengine wa Kitaveta wakirudi kutoka sokoni. Jerusha aliwasikiliza kwa muda mrefu, kichwa pembeni, midomo ikicheza. Walipokaribia Maktau akajikohoza, akamgeukia bibi mmoja aliyeketi dirishani, akamsalimu kwa Kitaveta kwa adabu zote.

Behewa zima likapiga kelele. Bibi alifunika uso kwa leso.

"Nimesema nini?" Jerusha akauliza.

"Umemtukana mkwe wangu," Peris akasema, akifuta machozi.

Jerusha akasogea karibu naye kwenye benchi.

"Basi nifundishe," akasema, "nimtukane vizuri."